Walipima Roho Yangu kwa Maharagi

Mimi ni mzaliwa wa Kingi, na mtu wa Kingi hajui kwamba maji yanaweza kuwa na ubaya. Kwetu maji yanashuka kilimani, ya baridi, mepesi. Ukigusa sabuni kidogo tu, beseni linajaa povu. Ukiweka maharagi motoni watu wanapokwenda ibada, wakirudi yameshaiva. Hatukuwa tunashukuru kwa maji yale. Nani anashukuru kwa maji? Nasema hivi mapema ili mnielewe: nilipofika Kalembe nimeolewa, miaka ile vita ilipokuwa inakuja na kuondoka inavyotaka, sikuwa mvivu, sikuwa mchafu, na roho yangu haikuwa mbaya kuliko roho ya mtu mwingine yeyote pale. Nayasema kwa hasira, ndiyo. Miaka imepita na hasira haijapoa, na sioni kwa nini ipoe.

Mume wangu alikuwa msaidizi wa dereva kwenye lori la mizigo lililokuwa likienda upande wa Walikale. Aliniingiza katika jiko la mama yake, akakaa miezi michache, akaenda safari, na nyuma yake barabara ikafungwa. Habari zake zikawa zinakuja kwa vinywa vya watu waliopita kwa miguu msituni: yu mzima, anawasalimu, atakuja njia ikifunguka. Mtoto wetu wa kwanza, msichana, nilimzaa yeye akiwa huko. Nikabaki na mama mkwe, mjane, mwanamke mfupi, mkimya, mwenye mikono migumu, mzaliwa wa wawindaji wa msituni. Aliyekuwa anasema kwa niaba ya ukoo ni baba mdogo, ndugu wa marehemu baba mkwe. Huyo maneno hayakuwa yanamwishia.

Nyumba ilikuwa juu mlimani. Mto ulikuwa chini, na kwenye kivuko chake wenye bunduki walikuwa wamepiga kambi. Mwanamke aliyeshuka na bido la maji alirudi bila bido, au alirudi na mambo ambayo hakutaka kuyasimulia. Kwa hiyo maji yetu yote yalikuwa ya chemchemi iliyokuwa nyuma ya migomba. Maji safi, unaona mpaka chini. Lakini mawe ya pembeni yalikuwa yamevaa gamba jeupe, na mimi, mjinga wa Kingi, siku ya kwanza nilisema, lo, mahali pazuri hapa!

Vita yangu na maji yale ilianzia kwenye birika. Baada ya wiki mbili tatu za chai, ndani ya birika palikuwa na kitu cheupe kimeshika kama ukoko. Nikasugua kwa mchanga. Kikatoka, kikarudi. Nikasugua tena. Mama mkwe alikuwa anapita, anachungulia ndani ya birika, ananyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kunaniuma kuliko tusi. Nikasugua kwa nguvu zote za mwanamke mgeni anayetaka kupendwa, mpaka siku moja chai ikaanza kudondokea kwenye moto. Nilikuwa nimetoboa birika la ukoo.

“Mungu wangu!” baba mdogo alisema, anaangalia jua kupitia lile tundu. “Bibi wa Kingi anakula mpaka birika!”

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, nifanyeje? Lakini sabuni nayo ilikuwa inanishinda. Nilikuwa nafua vitambaa vya mtoto, badala ya povu napata uji mweusi mweusi unaoelea, unashika nguo, unashika vidole, unashika ukingo wa beseni. Vitambaa vikikauka vinakuwa vikavu kama magome, vinamchubua mtoto mapajani. Majirani wakasema yule wa Kingi hajui kusuuza. Nilisuuza mara tano! Mikono yangu ilikuwa inapasuka kwa kusuuza.

Sasa nieleze kosa langu, maana na mimi nilikuwa nalo. Mama mkwe alikuwa na kibuyu kidogo kimening'inizwa juu ya moto, ndani yake chumvi ya majivu. Watu wa kwao wanachoma majani fulani na maua ya mgomba, wanapitisha maji polepole kwenye yale majivu, wanachemsha yale maji mpaka inabaki chumvi ya kijivu. Kila alipopika maharagi alichota kidogo, akasema maneno mawili matatu kwa marehemu wa kwao, akatia. Juma langu la kwanza alininyooshea kile kibuyu. Na mimi, kichwa kimejaa mahubiri ya pasta wetu wa Kingi dhidi ya mambo ya mababu, nikarudisha mikono nyuma na kusema mbele ya majirani, kwa sauti, kwamba sitagusa chumvi ya shetani. Mama mkwe akakirudisha kibuyu mahali pake. Na maharagi yake niliyala jioni ileile, nikaongeza na mengine. Njaa nilikuwa nayo, dini nilikuwa nayo, zote kwa pamoja.

Mimi mwenyewe maharagi sikuwa nayapika. Katika nyumba ile bibi mgeni anapika sombe ya majani ya muhogo, anasonga ugali wa bukari, anakaanga samaki wakipatikana, lakini maharagi ni ya mwenye mafiga. Siku mtoto wako wa kwanza anapoachishwa ziwa, ukoo unakuja, unawapikia chungu cha maharagi peke yako, tangu kuchota maji mpaka kugawa. Yakiiva vizuri unapewa mafiga yako matatu, unakuwa mama kamili, una jiko lako. Yakikataa kuiva, basi kuna kitu umeficha moyoni. Wanasema hivyo bila kutania. Umeficha mwanaume, umeficha chuki, umeficha mpango wa kutoroka. Maharagi yanajua.

Chungu changu cha kwanza niliteleka jua linatoka. Saa sita, maharagi magumu. Saa tisa, magumu. Nikaongeza kuni, nikaongeza maji, nikapuliza moto mpaka macho yakavimba. Jioni ganda lilikuwa limepasuka na ndani pamebaki kama punje ya mahindi makavu. Wakakaa, wakatafuna, ukasikia meno. Baba mdogo akatoa haragi moja mdomoni, akaliweka kwenye kiganja, akalionyesha kila mtu.

“Muangalie,” alisema. “Maharagi inaivaka kama roho ya mwenye kupika iko safi. Hii roho iko na kitu.”

Chungu cha pili kilikuwa kibaya zaidi. Safari hii nilitia nyanya mapema, nikatia chumvi ya dukani mapema, nikidhani utamu utaficha ugumu, kumbe ndiyo nayakaza! Wengine waliondoka bila kula. Mama mkwe alikaa karibu na moto anaangalia ndani ya chungu, na usoni mwake niliona kwamba anaamini. Hakuwa ananifanyia hila, hapana. Yeye maisha yake yote maharagi yalikuwa yameiva, na alijua roho yake ni safi, basi hesabu kwake ilikuwa imekamilika.

Baba mdogo akasimama. “Ya tatu njo ya mwisho,” alisema. “Ikikataa, tutamusindikiza kwao. Mutoto atabakia. Mutoto ni wetu.”

Mnasikia? Msichana wangu, aliyeachishwa ziwa juzi, aliyekuwa hawezi kulala bila kushika sikio langu, abaki, kwa sababu ya maharagi! Barabara ya Kingi wakati ule ilikuwa inateketea, lakini wala sikufikiria barabara. Nilifikiria lile sikio langu na kile kidole. Nililia kwa uchungu, kisha nikaacha kulia kwa sababu hasira ilikuwa imejaa mpaka machozi yakakosa nafasi.

Nikaenda kwa pasta wa pale. Akaniambia nitubu. Nitubu nini, Papa? Nikaipekua roho yangu usiku na mchana kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Nikapata kwamba nikiwa mtoto niliiba muwa katika shamba la jirani. Nikautubu ule muwa, mbele ya wanamaombi, kwa magoti. Naona haya mpaka leo, mwanamke mzima natubu muwa ili maharagi yaive.

Zilikuwa zimebaki siku nne kabla ya chungu cha tatu nilipokwenda dukani kutafuta sabuni. Mwenye duka alikuwa mtu wa upande wa Butembo, Mkatoliki, picha ya Bikira Maria juu ya rafu, mtu wa kunung'unika tangu asubuhi. Mbele yangu mama mmoja alikuwa anamtupia kipande cha sabuni juu ya meza, anasema ni ya bongo, ya uongo, haitoi povu, amrudishie pesa.

“Mama, miye sina makosa!” yule mtu alisema, anapiga kifua. “Hii sabuni moja njo nauzishaka kule Kibua. Kule inatoa povu mpaka inajaza beseni! Hapa kwenu, nayo ni ileile, inakufa. Shati yangu miye mwenyewe nafuaka na mayi ya mvua tu. Sabuni haiko na shida. Mayi yenu njo iko na shida!”

Yule mama akaondoka anatukana. Mimi nikabaki nimesimama, na ghafla nikajiona darasani Kingi, mikono imefungwa kifuani, nikikariri somo la maji kwa Kifaransa. Mwalimu anapiga meza kwa kila neno. Maji mazuri huyeyusha sabuni na kuivisha mboga. Maji magumu yana chokaa, hayatoi povu, huacha gamba jeupe katika vyombo, hayaivishi maharagi. Yote! Nilikuwa nayajua yote! Nilipata pointi zote siku ile, darasa likanipigia makofi, na hakuna mtu, hata mwalimu mwenyewe, aliyeniambia kwamba maji yale yanayotajwa ubaoni ni maji ambayo mtu anakunywa, kwamba siku moja nitayachota kwa mikono yangu na yatataka kuninyang'anya mtoto. Tulifundishwa kama wimbo. Sabuni, birika, maharagi, vitatu vilikuwa vinanipigia kelele muda wote ule na mimi nasugua mchanga!

Nilirudi mbio. Lakini kujua ni maji kulinisaidia nini? Kiangazi kilikuwa kimekaza, mvua hakuna, mtoni kuna bunduki. Nikaketi jikoni nikajiuliza: mama mkwe yeye anayaivishaje kwa maji yaleyale? Na nguo zake kwa nini ni laini? Nikakumbuka kwamba kila anapofua, kwanza analoweka nguo kwenye maji ya majivu. Nikachukua mabakuli mawili, nikatia maji ya chemchemi. Moja nikalitia majivu ya jikoni yaliyochujwa kwa kitambaa. Maji yakawa na ukungu, nikayaacha, chini kukatulia unga mweupe. Nikapaka sabuni kwenye lile bakuli lisilo na majivu: uji. Nikapaka kwenye lenye majivu. Weee! Povu! Povu la Kingi kabisa, linapanda mpaka kwenye viwiko.

Kwa hiyo dawa ilikuwa imening'inia juu ya kichwa changu tangu juma la kwanza, na mimi ndiye niliyeikataa kwa mdomo mrefu. Majivu ya jikoni yangefanya maharagi kuwa machungu na meusi, nilihitaji ile chumvi yenyewe. Sitadanganya, niliwaza kuiba. Kijiko kimoja tu, nani atajua? Kisha nikasema hapana, walikwisha kuniita mwenye kuficha, sitawapa ukweli wa kushika.

Mama mkwe alikuwa anapepeta. Nikapiga magoti.

“Mama, nilikukosea. Nilisema chumvi yako iko ya shetani. Naomba unisamehe, na unipatie kidogo.”

Aliendelea kupepeta kwa muda mrefu. Mwishoni akasema, “Shetani amehama?”

“Hakukuwako, Mama. Ilikuwa mudomo yangu tu.”

Akacheka kidogo, mara ya kwanza namwona anacheka na mimi. Akainuka, akakishusha kibuyu. Akaniambia atasema maneno yake kwa marehemu wake, nikamwambia aseme, na mimi nitasema yangu kwa Yesu, ilimradi chumvi iingie.

Chungu cha tatu kiliiva kabla ya saa sita. Laini, mchuzi mzito, harufu inaita watu kutoka njiani. Ukoo ukakaa, wakala, wakaomba tena, msichana wangu amekaa mapajani mwangu ananyonya vidole vyenye mchuzi. Baba mdogo akapangusa midevu, akasimama.

“Munaona?” alisema. “Roho imetakata! Alikuwa na kitu, sasa amekitupa. Bibi, tunakupokea.”

Watu wakapiga vigelegele. Ningenyamaza, yangeisha pale. Kila mwenye akili angenyamaza. Lakini nilisikia damu inapanda mpaka masikioni. Nimekitupa nini? Roho yangu ya siku ile ilikuwa ileile ya juzi, tena ilikuwa imechafuka zaidi, maana nilikuwa nawachukia wote! Nikamweka mtoto chini, nikaleta yale mabakuli mawili, nikaleta sabuni, nikafanya mbele yao kama nilivyofanya jikoni. Nikawaonyesha gamba la birika. Nikawaambia ni chokaa, iko ndani ya maji, inazuia maharagi, chumvi ya majivu inaitoa. Mchawi akipika na chumvi hii maharagi yataiva. Malaika akipika bila chumvi hii atawalisha mawe!

Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. “Bibi, umekwisha kupita. Ikaa sasa, usituharibie chakula.”

Mama mkwe hakucheka. Alilisogeza lile bakuli la povu karibu, akatia mkono ndani, akautoa, akauangalia. Kisha akauliza, si mimi, ni kama anauliza bakuli:

“Kwa hiyo na ule mwingine ilikuwa mayi?”

Vicheko vikakatika. Nikauliza mwingine nani. Nikauliza tena kwa sauti ambayo bibi mgeni hapaswi kuitumia. Ndipo shemeji mmoja wa kike akaniambia huku anaangalia chini: mtoto wa kwanza wa mama mkwe aliwahi kuoa msichana wa Kibua, mtu wa kanisa kama mimi, naye alikataa kibuyu. Akapika mara tatu. Wakamsindikiza kwao. Mtoto wake wa kike walimbakiza, baba yake akahamia naye Goma, sasa anamwita mwanamke mwingine mama. Ilikuwa kabla yangu kwa miaka mitano.

Nilikuwa nimejiona mimi ndiye mwenye bahati mbaya, kumbe mimi ndiye niliyepona.

Waliponiletea mafiga matatu nikayakataa. Nikasema sitawasha moto juu yake mpaka mtu wa ukoo huu aende Kibua akamwambie yule mwanamke kwamba hakuwa na kosa. Baba mdogo akafoka, mwanamke gani huyu, anapewa na bado anachagua! Kwenda kusema nini? Kufukua mambo yaliyokwisha? Kwake yalikuwa yamekwisha, ndiyo, yeye hakupoteza kitu. Ni mama mkwe aliyemkata maneno.

“Nitaenda miye,” alisema.

Tulingoja mpaka njia ikatulia kidogo, tukaenda mimi na yeye, siku mbili kwa miguu, mtoto mgongoni kwangu, kibuyu cha chumvi kifuani kwake. Mara mbili tulijificha kwenye majani kwa sababu ya watu wenye silaha waliokuwa wanapita. Kibua tulioneshwa nyumba. Mwanamke mwembamba, wa umri wangu au zaidi kidogo, alikuwa anatwanga sombe uani. Alimwona mama mkwe, akamtambua, akaendelea kutwanga.

Mama mkwe akapiga magoti kwenye udongo, yeye mtu mzima, mbele ya mkwe ambaye yeye mwenyewe alimfukuza. Akasema yote. Maji, chokaa, majivu, povu. Akasema mutoto iko muzima, anasoma. Akasema nisamehe. Yule mwanamke akatwanga mpaka maneno yakaisha, kisha akauegemeza mchi ukutani na kujipangusa mikono.

“Mama,” alisema, “ile siku ya chungu ya tatu, sikukwambia miye kwamba ni mayi? Kwetu Kibua nilikuwa napika, inaiva. Nilikwambia tuchote mayi ya muto, tujaribu. Nilikwambia nikiwa nalia, mutoto akiwa kwenye mukono yako. Nilisema, ao sikusema?”

Mama mkwe hakuinua kichwa.

“Ulisema,” alijibu. “Nilikusikia.”